Shajara ya kibao: kuutafuta mwaka wa kwanza wa dondurma yetu

11 Januari 2025

Nimepewa kazi ambayo sikuiomba. Baba mkwe amepata fremu ya kudumu baada ya karibu miaka miwili ya kuuzia kwenye kontena, na anataka kufungua kabla joto halijaingia, yaani mwanzoni mwa Mei. Kibao cha duka la zamani kilisagika pamoja na jengo lenyewe katika tetemeko la ardhi la tarehe 6 Februari 2023. Juu yake paliandikwa jina la ukoo, neno dondurma, yaani aiskrimu ya huku, na chini yake "tangu 1893". Sasa anataka kibao kipya, na ndani ya duka, ukutani, mistari michache ya kueleza biashara ilianzaje. "Wewe ndiye msomi, damat," kaniambia. Damat ni mkwe. Nina miaka sita katika nyumba hii na jina langu halisi analitumia akiwa amekasirika tu.

Kusema kweli mimi nilisomea uhandisi wa chakula, si historia. Lakini nimekubali, na nitaweka kumbukumbu hapa kila ninapopiga hatua. Nitaiandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna mtu nyumbani anayeweza kuchungulia. Pili, ndugu zangu Mbeya hawaachi kuniuliza ni aiskrimu gani hiyo inayokatwa kwa kisu.

Basi kwa ufupi: ni maziwa ya mbuzi, sukari, na unga wa salep, ambao ni mizizi ya okidi pori iliyokaushwa na kusagwa. Huchemshwa, hugandishwa, kisha hupigwa na kukandwa kwa mwiko mrefu wa chuma mpaka ivutike kama bigijii. Ikishika sawasawa unaitundika kwenye ndoano kama paja la mbuzi buchani, na mteja anakula kwa kisu na uma. Huu mji wetu wa Uturuki, Kahramanmaraş, ndio nyumbani kwake. Wale wauzaji wa Istanbul waliovaa vizibao vya kudarizi, wanaompokonya mtoto koni mara tatu kabla ya kumpa, baba mkwe hawataki hata kuwaona kwenye simu. Anasema anayechezea chakula hana chakula.

14 Januari

Nimekusanya ushahidi wote wa "1893". Umeenea juu ya meza ya kahawa na nafasi ikabaki.

Picha za zamani zilikuwa dukani, hazipo. Daftari la madeni la miaka ya 1950 lilikuwa dukani, halipo. Kilichobaki ni sufuria moja ndefu ya shaba, ambayo ilikuwa stoo kwa bibi. Ni ya mduara, kimo chake kinafika gotini, imepinda upande mmoja. Zamani dondurma iligandishiwa humo, sufuria ikiwa imesimama ndani ya pipa la mbao lenye theluji na chumvi. Ndani bati limebanduka na shaba imeanza kuota ukungu wa kijani, kwa hiyo haifai kutiwa chakula mpaka ipakwe upya.

Ina jina. Wanaiita Komşununki, "Ya Jirani". Nilipouliza kwa nini, mke wangu alicheka: kila jirani alikuwa akiiazima kwa ajili ya harusi, ndiyo likabaki jina.

Ukingoni imechongwa tarakimu nne za Kiarabu: ١٣٠٩. Hapa ndipo nilipopata heshima ambayo sikuitarajia. Waturuki waliacha herufi za Kiarabu mwaka 1928, kwa hiyo katika nyumba hii, tarakimu zilizochongwa na wazee wao, aliyeweza kuzisoma papo hapo ni mtoto wa Mbeya aliyekula fimbo za madrasa. Elfu moja mia tatu na tisa. Baba mkwe anajua kuwa ni 1893 kwa sababu babake alimwambia ni 1893.

Ila 1309 ya hesabu gani? Dola ya Osmani ilikuwa na kalenda mbili kwa wakati mmoja. Ikiwa ni Hijria, 1309 inaanza Agosti 1891 na kuisha Julai 1892. Ikiwa ni ile ya serikali waliyoiita Rumi, iliyofuata jua, inaanza Machi 1893. Mtu aliyegeuza namba kwa ajili ya kibao alichagua Rumi. Huenda alikuwa sahihi. Nimeandika kwenye karatasi ya baba mkwe: "1891 hadi 1894." Ameisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni bila neno.

19 Januari

Mke wangu ameingia kwenye mfumo wa serikali wa mtandaoni, e-Devlet. Tangu Februari 2018 raia wa Uturuki anaweza kuona nasaba yake kutoka kwenye madaftari ya wakazi, hata yale ya enzi ya Osmani. Siku za mwanzo watu waliuvamia mfumo mpaka ukazimika. Usidhani utapata hadithi humo: ni jina, baba, mama, mahali, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Majina ya ukoo hayapo kabla ya sheria ya 1934, kwa hiyo ukirudi nyuma unakutana na fulani bin fulani kama kwetu tu.

Mzee tunayemtafuta, yule anayeitwa mwanzilishi, yumo. Amezaliwa Maraş, jina la zamani la mji huu, mwaka 1291. Kwa Rumi hiyo ni 1875 au mwanzoni mwa 1876.

Nimepiga hesabu mara mbili. Mwaka uliochongwa kwenye sufuria, mwanzilishi alikuwa na miaka kumi na minane. Sufuria ya shaba ya ukubwa ule haikuwa kitu cha kijana wa miaka kumi na minane, labda kama babake alikuwa na uwezo. Na babake, wanasema wote kwa kauli moja, alikuwa mchunga nyumbu.

26 Januari

Leo tumepanda Ahır Dağı na pikapu ya shemeji. Ni mlima uliosimama nyuma ya mji kaskazini, unapita mita 2,000, na mwezi huu ni mweupe kuanzia kiunoni. Nilitaka kuona mahali theluji ilipokuwa ikihifadhiwa. Nani atauza kitu baridi mwezi wa saba, nyuzi zikiwa karibu 40, kabla ya umeme?

Shemeji alinionyesha shimo moja katika mwamba, si la kutisha, limejaa majani makavu na chupa za plastiki. Kazi ilikuwa hivi: wakati wa baridi wanashindilia theluji ndani ya mashimo na mapango kama haya kwa miguu na mbao, wanaifunika kwa majani na matawi, wanaiacha. Kiangazi wanaifukua, wanaikata mapande, wanayafunga kwa magunia na nyasi, na usiku nyumbu wanateremka nayo mjini kabla jua halijapanda. Mapande mawili kila nyumbu, moja kila ubavu. Njiani inachuruzika. Mwenye haraka anafika na faida, mzembe anafika na magunia mabichi.

Anayefanya kazi hiyo anaitwa karcı, muuza theluji. Mjini theluji hiyo ilikunwa na kumwagiwa asali ya zabibu, wakaiita karsambaç, na bado inauzwa. Ukitaka kufahamu dondurma ilitoka wapi, anzia hapo: watu walikuwa wakila theluji yenyewe kabla hawajaitumia kugandisha maziwa. Hata kampuni ya MADO, ambayo ni ya ukoo wa Kanbur wa mji huuhuu na jina lake ni Maraş na dondurma yaliyofupishwa, yenyewe huhesabu kuanzia 1850.

Wakati wa kushuka nikamuuliza shemeji: baba wa mwanzilishi alikuwa na nyumbu. Nyumbu walibeba nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa samaki wanaishi wapi. "Kar," kasema. Theluji.

Kwa hiyo mwaka 1893 tulikuwa wauza theluji. Nimeliandika hilo kwa wino mwekundu.

2 Februari

Jaribio la kwanza la kugandisha kizamani. Limeharibika.

Nilitumia lita moja ya maziwa ya mbuzi, gramu 200 za sukari, gramu 8 za salep ya kweli kutoka kwenye kopo ambalo baba mkwe hulificha nyuma ya unga. Kosa langu ni la aibu kwa mtu mwenye cheti: nilinyunyiza salep moja kwa moja kwenye maziwa ya moto. Ikajikusanya madonge kama ugali uliosongwa na mwanamume aliyeachwa peke yake nyumbani. Salep huchanganywa kwanza na sukari ikiwa kavu, ndipo unamimina taratibu huku unakoroga. Ndani yake mna glukomanani, ambayo hunywa maji kwa pupa. Ukiipa maji yote mara moja, chembe za nje huvimba na kuzifungia za ndani zikiwa kavu. Baba mkwe alichungulia sufuria, akasema "eline sağlık", maana yake Mungu aipe afya mikono yako. Kwa sauti ile yalikuwa matusi.

Nimekaa na kopo lile nikapiga hesabu nyingine. Inasemwa kilo moja ya salep huhitaji mizizi kati ya 1,000 na 4,000. Tuseme 2,000. Basi lita yangu iliyoharibika imekula mizizi kumi na sita. Kila mmea una vizizi viwili mviringo, kimoja kilichonywea cha mwaka huu na kimoja kigumu cha mwakani. Mchimbaji anataka kile cha mwakani. Jina lenyewe salep linatokana na Kiarabu, korodani za mbweha, na ukiviona viwili vimening'inia pamoja hutauliza sababu.

Niliwahi kuviona kabla sijaijua Uturuki. Bibi yangu mzaa mama ni wa Makete. Tukienda likizo, watoto wa kule walituchukua kwenye nyika za Kitulo kuchimba kikande, na magunia yalikwenda Tunduma kuvuka Zambia, ambako huitwa chikanda: hutwangwa na karanga, hutiwa pilipili na magadi, ikapikwa ikawa kama soseji. Okidi zile si aina hizi, lakini ni ukoo mmoja, na kiini ni kilekile, kizizi kinachofunga maji. Mizizi kwa mamilioni ilikuwa ikivuka kila mwaka. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, na mlango ule ukafungwa, angalau kwa wasio na ujasiri. Uturuki nayo imepiga marufuku kuuza salep ya okidi pori nje ya nchi, na pakiti nyingi za "salep" zinazopangwa madukani ni wanga na manukato. Mimi mtoto niliyechimba nimekuja kuoa kwa wanaosaga. Sijamwambia baba mkwe hili; nadhani ataniuliza bei.

6 Februari

Saa 10:17 alfajiri, saa ileile ya tetemeko, tulikuwa makaburini pamoja na nusu ya mji. Leo sina la mradi.

9 Februari

Jaribio la pili, limefaulu.

Theluji ya Ahır tuliyoleta wiki ile niliijaza kwenye friza la shemeji, si jambo la kizamani lakini hakuna aliyeniona. Pipa la mbao tumeazima. Sufuria ya kugandishia tumetumia ya chuma cha pua, maana Ya Jirani haina bati. Theluji, chumvi ya mawe, theluji, chumvi. Theluji peke yake haitoshi: yenyewe ikiyeyuka iko nyuzi 0, na maziwa yenye sukari hayagandi kwa nyuzi 0. Chumvi huilazimisha iyeyuke, na katika kuyeyuka inanyang'anya joto kila kilicho karibu. Kipimajoto changu kilishuka mpaka -14. Nje ya pipa paliota sakitu nyeupe, na mtoto wa shemeji akailamba akagandwa ulimi kwa nukta chache, kelele nyumba nzima.

Halafu mkono. Unazungusha sufuria kwa mkono wa kushoto, kwa wa kulia unakwangua kinachoganda pembeni na kukirudisha katikati. Baada ya saa moja ni uji. Baada ya saa mbili mwiko umesimama peke yake. Hapo ndipo kazi inaanza, kwa sababu dondurma hukandwa: unaukita mwiko chini, unainua donge zima, unaliachia, unalikunja. Sauti yake ni kama mtu anayetembea na ndala kwenye tope zito. Nilidumu dakika kumi. Baba mkwe, miaka 65, alinipokonya mwiko akaendelea kwa dakika arobaini huku akizungumza kuhusu mpira. Mwishoni alivuta kipande kwa vidole, kikarefuka kama mkono mzima bila kukatika. Akakila. "Tuzlu," kasema. Chumvi imeingia. Lakini alirudia vijiko vinne.

Tukiwa bado na maji ya moto, nikaona niioshe na Ya Jirani, itazamike ukutani. Nikaigeuza nisugue kitako. Chini ya masizi palikuwa na maandishi. Nilidhani ni mikwaruzo. Nikasugua tena na ndimu na chumvi. Si Kiarabu. Si Kilatini. Herufi zenye ndoana, zimesimama wima kama vijiti vya kiberiti vilivyopinda.

Nilipiga picha. Nikaigeuza sufuria kama ilivyokuwa.

12 Februari

Leo ni sikukuu ya mji. Bendera, ngoma, wanafunzi waliovaa kizamani. Oktoba 1919 jeshi la Ufaransa liliingia Maraş. Tarehe 31 ya mwezi huo muuza maziwa mmoja aliwafyatulia risasi askari waliowasumbua wanawake waliokuwa wakitoka hamamu. Sütçü İmam: sütçü ni muuza maziwa. Chuo nilichosoma kina jina lake. Mapigano yalianza Januari 1920, na Wafaransa wakaondoka usiku, kabla ya tarehe 12 Februari. Kwa ajili hiyo bunge liliuongezea mji jina la Kahraman, yaani shujaa, mwaka 1973.

Jibu la picha limekuja asubuhi, katikati ya ngoma. Nilikuwa nimeituma kwa mwalimu mmoja Istanbul anayesoma maandiko ya zamani. Ni Kiarmenia. Ni jina la mtu na la babake, na neno Maraş. Jina nimelihifadhi, sitaliandika hapa.

Sikuwa mjinga kiasi cha kutojua. Waarmenia walikuwa sehemu kubwa ya mji huu na wengi walikuwa mafundi na wafanyabiashara. Mwaka 1915 walihamishwa kwa nguvu kuelekea jangwa la Syria, na wengi hawakurudi. Waliorudi baada ya vita walikuwa hapa Wafaransa walipoingia. Walipoondoka, maelfu waliwafuata usiku ule kwenda İslahiye, kwa miguu, kwenye tufani ya theluji. Wengi waliganda njiani.

Ya Jirani.

22 Februari

Nimekaa siku kumi bila kumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Yeye ndiye aliyesema, "Muulize nene, lakini usimuulize kama mkaguzi." Nene ni bibi, mamake baba mkwe. Amezaliwa 1939, aliolewa humu mwaka 1956, na mkwewe, yaani mtoto wa mwanzilishi, alikufa mikononi mwake. Waume wa nyumba hii wanasimulia, lakini yeye ndiye aliyekuwepo wakiwa hawana hadhira.

Nilimkuta anachambua dengu. Nikakaa sakafuni nikachambua naye. Kwetu hufiki kwa mkubwa ukamtolea swali kama unadai deni, huku pia. Tulimaliza sinia nzima tukizungumza magoti yake. Ndipo nikasema, "Nene, ile sufuria nimeisafisha kitako."

Akaendelea na dengu. Kisha akasema, "Ilikuwa wakati."

Alichonieleza nakiandika kadiri ninavyokumbuka. Jirani alikuwa na duka la sherbeti na dondurma chini karibu na soko la mafundi wa shaba. Mwanzilishi na babake walikuwa wakimletea theluji kila kiangazi, miaka mingi, na walilipwa mwisho wa msimu. Kijana wa mwanzilishi alishinda pale akizungusha sufuria kwa ujira wa bakuli moja kila siku, ndivyo alivyojifunza. Jirani aliondoka mwaka 1915, akarudi yeye na binti mmoja. Usiku wa Wafaransa kuondoka akaondoka tena.

"Na sufuria?"

"Baba mkwe wangu alisema jirani aliileta mwenyewe usiku ule. Alipita nayo mlangoni, akasema, niwekee, emanet."

Emanet. Sikuhitaji kutafsiriwa, ni amana ileile yetu, na uzito wake uleule.

Alichukua punje nyeusi akaitupa. "Mama mkwe wangu alisema kitu kingine. Alisema asubuhi waliingia wakaikuta."

"Ipi kweli, nene?"

"Mimi nilikuwa sijazaliwa, oğlum." Yaani mwanangu. Akasukuma sinia nyingine mbele yangu. Halafu, bila mimi kuuliza: "Lakini hakuna aliyewahi kuiita yetu."

Kiangazi cha 1920, au kilichofuata, hakuwa na uhakika, mtoto wa mwanzilishi aliacha nyumbu akafungua meza ya dondurma. Alikuwa na miaka kumi na saba au kumi na minane. Hiyo ndiyo tarehe ya kuanza, kama tunataka tarehe.

8 Machi

Ramadhani. Hakuna kazi inayokwenda mbele mchana. Nimemweleza baba mkwe yote, usiku baada ya tarawehe, nikamwonyesha picha ya kitako. Aliikuza kwa vidole viwili, akaipunguza, akaikuza tena. Akauliza kama chai ipo.

16 Machi

Hajasema kitu. Badala yake amegombana na fundi wetu wa vitobosha, ambaye ni mkimbizi kutoka Damascus na ana msimamo wake kuhusu asili ya dondurma. Kwao katika soko la Hamidiyya kuna duka la Bakdash, limekuwepo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na aiskrimu yao nayo ina salep na inavutika; wanaitwanga kwa michi ya mbao kama kisamvu na kuifunika kwa pistachio. Kwa hiyo kwake yeye Maraş waliiga. Baba mkwe anasema Damascus waliiga. Niliwakumbusha kuwa enzi hizo Maraş ilikuwa chini ya mkoa wa Aleppo na misafara ilikwenda na kurudi, pengine hakuna aliyeiga. Waliungana dhidi yangu papo hapo.

Mimi maoni yangu ni kwamba salep ilikuwa ikinywewa kama uji wa moto pande zote hizi kabla ya mambo haya, na popote palipo na mlima wenye theluji karibu na joto kali, mtu fulani angekuja kuiacha ipoe kupita kiasi. Lakini sina ushahidi, na hawajaniuliza.

13 Aprili

Sakitu kali nchi nzima, miti ya aprikoti imeungua ikiwa na maua. Mbuzi wa mtu wetu wa maziwa wamesalimika.

Mchora vibao amekuja kupima. Anataka maneno ifikapo Ijumaa. Nimempa baba mkwe karatasi tatu. Ya kwanza: "tangu 1893", na hadithi ya sufuria bila kitako chake. Ya pili: "tangu 1920". Ya tatu haina mwaka, ina mistari minne tu: kwamba tulikuwa wabeba theluji wa Ahır Dağı, kwamba jirani yetu, na hapa nimeacha nafasi ya jina, alikuwa na duka, kwamba kijana wetu alijifunza kwake, kwamba sufuria hii ni yake. Niliiandika ya tatu ili nisijilaumu. Sikutegemea kitu.

Shemeji anataka ya kwanza. Anasema wote mtaani wana mwaka, na mwenye mwaka mdogo ndiye mwenye wateja, wewe utakuja na 1920 uonekane mgeni? Na ya tatu je? "Ya tatu watu wataisoma wakiwa wamesimama foleni," kasema, "halafu wataanza kuuliza." Hakuna kati yetu aliyesema wataanza kuuliza nini.

18 Aprili

Ijumaa. Baba mkwe alirudi msikitini akakaa na mchora vibao nje. Nilikuwa ndani nasikia. Akamwamuru: jina la ukoo kubwa, chini yake "karcı". Mchora vibao akauliza, karcı, si dondurmacı? Karcı. Na mwaka? Hakuna mwaka. Mchora vibao akasema nafasi ya mwaka ameshaipima kwenye hesabu, bei haipungui. Wakabishana juu ya bei kwa nusu saa.

Maneno ya ukutani hakuyataja. Nilipokwenda kuchukua karatasi mezani, ya kwanza na ya pili zilikuwepo.

3 Mei

Tumefungua. Foleni mpaka kwa kinyozi. Tumeuza za kawaida, za pistachio, na karsambaç kwa watoto. Mteja mmoja alitazama kibao muda mrefu akauliza, "Tangu lini ninyi?" Baba mkwe akamwambia, "Tangu saa mbili asubuhi," akamkatia kipande.

Ukuta bado mweupe. Karatasi ya tatu iko kwenye pochi yake, nimeiona alipokuwa akitafuta chenji. Ile nafasi niliyoiacha imejazwa kwa kalamu, kwa mwandiko wake. Kama ataipeleka kwa mchora vibao au hatapeleka, hajasema, nami sitamuuliza kama mkaguzi.

Kazi iliyobaki ni kupaka bati. Fundi wa bati kutoka soko la shaba alikuja jioni kuichukua Ya Jirani. Aliizungusha chini ya taa, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasema ataipiga moto yote, ataisugua kwa mchanga ndani na nje, itarudi kama mpya. Baba mkwe alikuwa anahesabu pesa, hakuinua kichwa.

"Ndani tu," kasema. "Chini usiguse."